Kupanda Mlima Kilimanjaro: Njia, Vifaa na Siku Moja Isiyopaswa Kupunguzwa

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika huru na kuwasha mwenge juu ya Kibo, na kilele hicho kikapewa jina la Uhuru. Tangu wakati huo safari ya kwenda kileleni imeshikamana na kumbukumbu za taifa. Kila mwaka inapokaribia siku hiyo, makundi ya watumishi wa umma, wanafunzi, askari na wafanyabiashara hujiandikisha kupanda. Wengi wao huwa wanapanda kwa mara ya kwanza, na wengi huwa wametenga siku chache tu za likizo.

Uchache huo wa siku ndio chanzo cha matatizo mengi. Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, haumtaki mpandaji wa kawaida awe na ujuzi wa kamba wala shoka la barafu. Mtu mwenye afya njema, aliyezoea kutembea saa kadhaa kwa siku, anaweza kufika juu kwa miguu yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo, wapo wanaoamini kwamba anayeweza kukimbia kilomita 10 hana cha kuhofia. Imani hiyo si sahihi. Kinachowashinda wapandaji wengi ni hewa, wala si ukali wa njia, na mwili hujifunza kuishi katika hewa hiyo kwa kupewa muda. Nguvu za mazoezi haziwezi kuuharakisha mwili katika kazi hiyo.

Kinachotokea mwilini

Oksijeni ni sehemu ileile ya hewa, takribani asilimia 21, iwe ufukweni Tanga au juu ya Kibo. Kinachobadilika ni shinikizo la hewa. Katika kilele cha Uhuru shinikizo hilo ni takribani nusu ya lile la usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huingiza mapafuni takribani nusu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi, kwa moyo kwenda mbio na kwa figo kurekebisha kemia ya damu. Mabadiliko hayo huchukua siku kadhaa. Asiyeyasubiri hupatwa na maradhi ya mwinuko, awe kijana wa miaka 20 au mtu mzima wa miaka 60, awe mwanamichezo au karani wa ofisini. Kijana mwenye nguvu ndiye mara nyingi huumia kwanza, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa milimani ni mwepesi kuukumbuka: mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasizidi pale alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike usiku mmoja wa ziada bila kupanda. Mchana anaweza kupanda juu zaidi, mradi ateremke kulala.

Ni vyema kuupima mwongozo huo kwa ratiba inayouzwa zaidi kwa wananchi, yaani siku tano kwa njia ya Marangu. Usiku wa kwanza mpandaji hulala Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili hulala Horombo, mita 3,720. Usiku wa tatu hufika Kibo, mita 4,720, ambako hajilazi zaidi ya saa chache kabla ya kuamshwa kuelekea kileleni. Katika siku mbili mfululizo amepanda mita 1,000 kwa kila siku, na usiku huohuo anatakiwa kuongeza nyingine 1,175. Waongozaji husema "pole pole" tangu langoni, na neno hilo limeenea duniani kote kupitia wageni. Lakini mtu anaweza kutembea pole pole kila hatua na bado akawa amekwenda haraka mno, kwa sababu haraka yenyewe imo katika ratiba.

Dawa yake ni siku ya sita. Kwa njia ya Marangu siku hiyo hutumika Horombo: baada ya kifungua kinywa kundi hupanda taratibu hadi eneo la Mawe ya Pundamilia, lililo karibu mita 4,000, kisha hurejea Horombo kulala tena. Siku hiyo ina gharama zake, kwa kuwa tozo za hifadhi, chakula na malipo ya wahudumu huhesabiwa kwa siku. Ofisi inayogharimia watumishi 20 hushawishika kuipunguza. Hata hivyo, katika bajeti yote ya safari hakuna fedha inayonunua usalama mwingi kuliko hiyo, na kama ni lazima kupunguza, heri wapunguzwe wapandaji na siku ibaki.

Vilevile isihesabiwe siku ya kusafiri kuwa ni siku ya mapumziko. Anayetoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, akashinda ndani ya basi na kufika Moshi usiku, kisha asubuhi akaanza kupanda, huanza safari akiwa amechoka na hajanywa maji ya kutosha.

Wanaopaswa kumwona daktari kabla

Wenye maradhi ya moyo, mapafu, kisukari na shinikizo la damu, pamoja na wajawazito, wanajulikana. Kundi linalosahaulika hapa nchini ni la wenye selimundu. Upungufu wa oksijeni huzifanya chembe zao za damu kujikunja na kuziba mishipa, na kwao safari ya mwinuko mkubwa ni hatari ya moja kwa moja. Hata wale waliorithi vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao nyumbani hawaumwi kabisa, wamewahi kuharibika bandama wakiwa milimani. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto kwa mtu wa namna hiyo ni sababu ya kuteremshwa mara moja. Asiyeijua hali yake na ana ndugu mwenye ugonjwa huo apime kabla ya kulipia safari.

Ipo pia malaria. Homa na kuumwa kichwa kwa mtu aliyetoka pwani wiki iliyopita kunaweza kuwa malaria, na kunaweza kuwa mwinuko. Kipimo cha haraka kifanyike Moshi, kabla ya lango, kwa sababu juu ya Horombo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Dawa ya asetazolamidi hutumika kuusaidia mwili kuzoea mwinuko. Huandikwa na daktari, na aliyewahi kupata mzio wa dawa za salfa amweleze waziwazi. Dawa hiyo humfanya mtu akojoe mara nyingi na kuhisi vidole vikimchomachoma; hayo ni ya kawaida. Haiwi mbadala wa siku ya ziada. Vidonge vya usingizi na pombe visitumike njiani, kwa kuwa hupunguza kasi ya kupumua usiku. Mbege ya Marangu itamsubiri mpandaji akiteremka.

Njia

Kila mpandaji hupita langoni, huandikishwa na husindikizwa na mwongozaji mwenye leseni. Hairuhusiwi kupanda peke yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Njia za kupandia ni kadhaa, na tofauti zake ni kubwa kuliko ramani inavyoonesha.

Marangu, upande wa kusini mashariki, ndiyo njia pekee yenye mabanda ya kulala. Kwingine kote watu hulala kwenye mahema. Hilo huifanya ipendwe na makundi makubwa na wakati wa mvua. Njia yake ni pana na mteremko wake wa siku za mwanzo ni mpole. Upole huo umewadanganya wengi. Udhaifu wa Marangu ni kwamba njia hupanda moja kwa moja, ikilala juu zaidi kila usiku, bila nafasi ya kwenda juu na kushuka isipokuwa kwa ile siku ya ziada ya Horombo.

Machame, upande wa kusini magharibi, ni ngumu kwa miguu lakini ni rafiki zaidi kwa mapafu. Siku ya tatu kundi hutoka Shira, karibu mita 3,800, likapanda hadi Mnara wa Lava kwenye zaidi ya mita 4,600, kisha likashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mwili huonjeshwa hewa ya juu mchana na kupumzishwa chini usiku. Asubuhi inayofuata kuna Ukuta wa Barranco, ambako mikono hutumika kushika mwamba kwa saa moja hadi mbili; si pa kuogofya kwa anayefuata nyayo za mwongozaji, ila fimbo za kutembelea hufungwa kwenye begi ili mikono iwe huru. Machame huuzwa kwa siku sita au saba. Katika ratiba ya siku sita, mpandaji hutoka Barranco hadi kambi ya Barafu, karibu mita 4,650, kwa siku moja, na usiku huohuo huanza safari ya kileleni. Katika ratiba ya siku saba hulala Karanga katikati. Hapa pia swali la kumwuliza wakala ni lilelile: je, tunalala Karanga?

Lemosho huanzia lango la Londorossi upande wa magharibi, huvuka uwanda wa Shira na kuungana na njia ya Machame. Kwa kuwa huchukua siku saba au nane, ni chaguo zuri kwa asiyebanwa na muda. Njia ya Kuzunguka Kaskazini huongeza siku nyingine kwa kupita nyuma ya Kibo, ambako watu ni wachache. Rongai hupanda kutoka kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Kenya, upande unaopata mvua kidogo, na hushukia Marangu. Umbwe ni fupi na yenye mwinuko mkali. Haifai kwa mgeni wa milima. Njia ya Shira ina kasoro ya pekee: gari humfikisha mpandaji juu ya mita 3,000 kabla hajatembea hatua moja, hivyo siku yake ya kwanza ndiyo huwa ya maumivu ya kichwa. Mweka hutumika kuteremkia tu.

Upande wa magharibi wa Kibo kuna ukuta ujulikanao kama Western Breach. Januari 2006 mawe yaliporomoka hapo na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Mawe hushikiliwa na barafu usiku, na jua linapoipasha barafu hiyo huachia. Mpandaji wa kujiburudisha hana sababu ya kupita huko.

Ambaye bado hajawahi kulala juu ya mita 3,000 ana jirani mzuri wa kujifunzia. Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, una zaidi ya mita 4,560, mabanda ya Miriakamba na Saddle, na safari yake ni ya siku tatu au nne. Askari wa hifadhi mwenye silaha husindikiza kundi kwa sababu ya nyati na tembo wa msituni. Baadhi ya wapandaji hupanda Meru wiki moja kabla ya Kilimanjaro, na huikuta Kibo ikiwa na huruma zaidi.

Mavazi na vifaa

Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mchana wenye nyuzi 25 mjini Moshi unaweza kuwa nyuzi 7 chini ya sifuri kileleni wakati uleule, na safari ya kileleni hufanyika usiku, kukiwa na upepo. Nyuzi 15 chini ya sifuri si jambo la ajabu.

Adui wa kwanza ni pamba. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi hunyonya jasho na mvua, hazikauki, na huuvuta joto mwili mzima. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya nyuzi za michezo zinazokauka haraka; juu yake livaliwe sweta zito au koti la manyoya laini; juu ya yote koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Kwa usiku wa kileleni huongezwa koti nene lililojazwa manyoya ya ndege au pamba bandia. Ni bora kuwa na nguo nyembamba nyingi za kuvaliana kuliko koti moja kubwa, maana mpandaji hutoka jasho msituni asubuhi na kutetemeka kambini jioni ya siku hiyohiyo.

Nguo hizi si lazima ziwe mpya. Masoko ya mitumba ya Moshi na Arusha yana makoti ya baridi yaliyotoka nchi za theluji, na maduka ya kukodisha vifaa hutoa makoti, mifuko ya kulalia, fimbo na glovu kwa bei inayofikika. Kabla ya kupokea mfuko wa kulalia, ufunguliwe wote: zipu ifungwe hadi mwisho, manyoya yapapaswe kuona kama yamejikusanya upande mmoja, na iulizwe unastahimili nyuzi ngapi. Koti la mvua limwagiwe maji palepale dukani. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika.

Kitu kimoja kisikodishwe wala kisinunuliwe siku ya kuondoka, nacho ni viatu. Buti za kupandia, zenye soli ya meno na zinazofunika kifundo cha mguu, zivaliwe nyumbani kwa wiki kadhaa hadi ziukubali mguu. Ziwe na nafasi mbele ya vidole, kwa kuwa wakati wa kuteremka kutoka Uhuru mguu husogea mbele, na buti inayobana itang'oa kucha. Soksi za sufu ziwe jozi za kutosha, na jozi moja kavu itunzwe kwa usiku wa kileleni pekee.

Taa ya kichwani ni ya lazima, pamoja na betri za akiba. Betri hufa upesi kwenye baridi, hivyo ziwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Vivyo hivyo simu. Tangu Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania limefikisha intaneti ya kasi mlimani, na wapo waliopiga picha za moja kwa moja wakiwa njiani. Huduma hiyo ni faraja kwa familia zilizobaki nyumbani, lakini simu iliyozimika kwa baridi haimwiti mtu yeyote, na redio ya mwongozaji hubaki kuwa chombo cha kutegemewa.

Maji ya kunywa yawe lita tatu au zaidi kwa siku. Mpira wa kunyonyea maji huganda usiku wa kileleni, kwa hiyo chupa ngumu ibebwe ndani ya begi, ikiwa imepinduliwa mdomo chini, kwa sababu barafu huanza kujijenga juu. Chupa ya chai yenye uji au chai ya tangawizi ina thamani kubwa saa kumi alfajiri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Vitu vipangwe kwenye mifuko ya kitambaa au ya turubai. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi si vya wageni weupe peke yao: mwanga unaorudi kutoka kwenye theluji huumiza macho ya mtu yeyote, na midomo hupasuka.

Usiku wa kileleni

Kundi huamshwa kabla ya saa sita usiku. Sababu ni mbili: changarawe iliyoganda hukanyagika vizuri zaidi kuliko iliyolegea, na mawingu huwa hayajapanda asubuhi. Kutoka Kibo au Barafu hadi ukingo wa kreta ni saa tano hadi saba. Wanaotoka Kibo hufika Gilman's Point, wanaotoka Barafu hufika Stella Point, na wote hubakiwa na mwendo wa ukingoni hadi Uhuru.

Makosa makubwa hufanyika hapa, maana mtu ameshalipa, ameshatangaza kwa ndugu na jamaa, na kilele anakiona. Kuumwa kichwa kidogo, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za awali. Mwenye nazo asipande zaidi hadi zipungue, na zikizidi ateremke. Kuna hali mbili zisizo na mjadala. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu huyumba kama mlevi, hujibu maswali ovyo, hubadilika tabia au husinzia kila akisimama. Kipimo chake hakihitaji chombo. Aambiwe atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine. Akishindwa, safari yake imekwisha. Ya pili ni maji kujaa mapafuni: mtu hutweta hata akiwa amekaa, hukohoa, huweza kutoa makohozi yenye povu au damu, na midomo yake hugeuka rangi. Kwa watu weusi rangi hiyo huonekana vizuri zaidi ndani ya mdomo na kwenye kucha.

Kwa hali zote mbili tiba ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama kilele kiko mbele kwa nusu saa. Oksijeni ya mtungi na dawa humsaidia mgonjwa astahimili safari ya kushuka. Hazimpi ruhusa ya kuendelea kukaa juu. Kushuka mita 500 hadi 1,000 mara nyingi huleta nafuu inayoonekana. Mgonjwa hasindikizwi na mpandaji mwenzake bali na mwongozaji msaidizi, na ndiyo maana kundi linapaswa kuuliza mapema waongozaji wasaidizi ni wangapi. Kundi la watu 10 lenye mwongozaji mmoja na msaidizi mmoja litakwama mara wagonjwa wa pande mbili watakapopatikana.

Waokoaji wa hifadhi hutumia machela yenye gurudumu moja, inayosukumwa na watu kadhaa kwenye njia ya mawe. Helikopta zipo, ila haziruki ndani ya ukungu wala hazitui kila mahali. Anayetegemea bima aulize kwa maandishi kabla ya safari kama inalipia helikopta, kwa kuwa bima nyingi za kawaida hazikuandikwa kwa ajili ya mlima.

Mwongozaji ndiye mwenye kauli ya mwisho ya kumrudisha mtu. Inapotokea mkubwa wa ofisi yumo kundini, jambo hili lisemwe wazi langoni, mbele ya wote: huko juu hakuna cheo.

Wapagazi

Nyuma ya kila mpandaji huwa kuna watu wawili hadi wanne waliobeba hema, chakula, mitungi ya gesi na mabegi. Kanuni ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na mizani ipo malangoni. Begi la mpandaji lisizidi kilo 15. Wapagazi nao hupatwa na mwinuko, na baridi ikiwakuta na viatu vya raba na fulana moja huwaua kama inavyomuua mwingine yeyote. Mwandalizi wa kundi akague mavazi na mahali pao pa kulala kama anavyokagua ya wageni wake, na aulize malipo yao yatatolewa lini na kwa mkono wa nani. Kambini Barafu na Kibo hakuna chemchemi. Maji ya kupikia hubebwa kichwani kutoka chini. Anayeosha uso kwa beseni zima huko aelewe maji hayo yametokea wapi.

Moto ni jambo jingine. Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la vichaka vya mlima huu, na mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi na wananchi wa vijijini, walipanda kusaidia kuuzima. Kuwasha kuni hakuruhusiwi, na kitako cha sigara kirudi na mwenyewe.

Majira

Miezi mikavu ni Januari hadi mapema Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza msitu kuwa tope na juu kuwa theluji. Safari za Desemba huangukia mwishoni mwa vuli: asubuhi inaweza kuwa angavu na jioni ikanyesha, na theluji mbichi huweza kufunika njia ya kileleni. Kundi linalopanda wakati huo liongeze vifuniko vya miguu vinavyozuia theluji kuingia kwenye buti, na lisishikilie kufika Uhuru tarehe 9 yenyewe. Hali ya hewa ikiwa mbaya usiku huo, kusubiri kwa siku moja kunawezekana tu kama siku hiyo iliwekwa kwenye ratiba na chakula chake kikapandishwa.

Kurudi nako kuna taratibu. Kutoka Uhuru mpandaji wa Marangu huteremka hadi Horombo siku hiyohiyo, zaidi ya mita 2,100 kwa magoti yaliyochoka. Ndipo fimbo zinapohitajika kuliko wakati wote, na ndipo watu huteleza kwa sababu ya uchovu. Langoni kila mmoja husaini kitabu cha kutoka, na hesabu ya majina hulinganishwa na ya walioingia. Anayeondoka na gari la rafiki bila kusaini huwaacha askari wa hifadhi wakimtafuta mtu ambaye yuko nyumbani.